Mwanakondoo Mmoja wa Maskini

Dominika ya 11 ya Mwaka C
Masomo: 2 Sam 12:7-10, 13, Zab 32, Gal 2:16, 19-21, Lk 7:36–8:3



Somo la kwanza la Dominika hii linaanzia katikati ya maongezi. Nabii Nathani amesimama mbele ya mfalme Daudi, naye anamwambia wazi kwamba yule mtu mwovu aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe. Lakini ni mtu gani huyo, na mfalme alikasirika kwa sababu gani? Hayo yamo katika aya sita za kwanza za sura hiyo hiyo ya 12, aya ambazo hazisomwi leo kanisani. Tunawaomba turudi nyuma kidogo tuzitazame pamoja, maana ndani yake limo jambo linalozigusa nyumba zetu hapa Tukuyu na katika Rungwe yote, kuanzia Isongole na Kiwira hadi Masoko na Mwakaleli.

Nathani alimsimulia mfalme habari za watu wawili wa mji mmoja. Mmoja alikuwa tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi. Wa pili alikuwa maskini, hana kitu ila mwanakondoo mmoja jike aliyemnunua. Akamlea. Mwanakondoo yule akakua pamoja na watoto wa nyumba, akala katika chakula cha bwana wake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Siku moja tajiri akapata mgeni. Akaona uchungu kuchinja katika kundi lake, akamnyang'anya maskini mwanakondoo wake akamwandalia mgeni. Daudi aliposikia hayo aliwaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, na kwamba atalipa mara nne. Hapo ndipo Nathani alipomgeukia.

Ndugu wapendwa, tulitafakari jambo hili vizuri. Mfalme huyu alikuwa amemtwaa mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani, na moyo wake haukushtuka. Kifo cha askari mwaminifu hakikumtoa machozi. Lakini habari za mwanakondoo mmoja zilimfanya ainuke kitini. Daudi alikuwa mchungaji ujanani mwake. Alipigana na simba na dubu kwa ajili ya kondoo za baba yake. Alijua maana ya kumlea mnyama kwa mkono wake. Mungu, anayeijua mioyo yetu, aliutumia upendo ule wa zamani kuwa mlango wa kuingilia katika moyo uliokuwa umefungwa.

Basi tunaona kwamba, kama kumpenda mnyama na kumlilia ni upuuzi, mfano wa Nathani usingekuwa na nguvu yoyote. Daudi angecheka tu, angesema maskini yule anunue mwanakondoo mwingine. Hakusema hivyo, wala Nathani hakutazamia aseme hivyo. Neno la Mungu linachukua kama jambo la hakika kwamba mtu anayempoteza mnyama wake amepoteza kitu cha kweli, na kwamba uchungu wake unastahili heshima.

Tuchukue nyumba moja ya kwetu, mfano wa nyumba nyingi. Ni nyumba ya mama mjane. Ana banda dogo nyuma ya migomba, na ndani yake ng'ombe mmoja wa maziwa. Alimpata akiwa mtamba, kwa ule utaratibu tunaouita kopa ng'ombe lipa ng'ombe, naye amekwisha kulipa deni lake kwa kumtoa ndama jike wa kwanza akapewa jirani. Kila siku alfajiri, ukungu ukiwa bado umefunika migomba, mama huyo yuko bandani. Anakata matete na gwatemala, anabeba kichwani, anachota maji, anakamua. Sehemu ya maziwa inakwenda kituoni, sehemu inabaki kwa wajukuu. Samadi inakwenda shambani, na mgomba unaijua samadi hiyo. Ada ya shule, sabuni, chumvi, zaka ya kanisani, vyote vinapita katika chuchu nne za ng'ombe yule. Naye amempa jina. Akiliita, ng'ombe hugeuza kichwa.

Ng'ombe huyo akifa, tunaambiana nini? Wengi wetu tunapita njiani tukisema: pole, lakini ni ng'ombe tu. Neno hilo "tu" ni zito. Mama anaingia bandani alfajiri kwa mazoea, hakuna anayegeuza kichwa. Mikono yake haina kazi. Anaona haya kulia mbele ya watu, kwa kuwa amesikia kwamba machozi ni ya misiba ya wanadamu. Basi analia gizani, peke yake. Sisi wachungaji na makatekista tunapaswa kumwambia mama huyo, kwa mamlaka ya Maandiko Matakatifu, kwamba hana la kuonea haya. Mungu aliyemtuma Nathani anamjua mwanakondoo wa maskini.

Sasa tuulize: ng'ombe wetu wanakufa kwa nini? Ziko sababu nyingi, lakini mmojawapo wa adui wakubwa katika wilaya yetu yenye mvua na majani mengi ni mdogo sana. Ni kupe. Na katika magonjwa aletayo kupe, linalotisha kuliko mengine ni ndigana kali. Ng'ombe wa kisasa, hao wenye maziwa mengi, ndio wasioweza kulistahimili. Ng'ombe hupata homa ya nyuzi 40 na zaidi. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba. Huacha kula na kucheua, maziwa hukauka, kisha huanza kuhema kwa shida, mapafu yakijaa maji, na mwisho povu hutoka puani. Asipotibiwa mapema, mara nyingi juma mbili au tatu tangu dalili za kwanza hazipiti kabla hajafa.

Wataalamu wanatufundisha jambo moja la ajabu kuhusu kupe huyu, yule wa rangi ya kahawia apendaye kukaa sikioni. Hatoki katika yai lake akiwa na ndigana. Huipata anapofyonza damu ya ng'ombe aliye nayo. Akishiba huanguka majanini, hujivua ngozi, hukua, kisha hupanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza. Hata akisha kupanda, kwa kawaida huhitaji siku kadhaa za kufyonza kabla vimelea havijapevuka katika mate yake. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kati ya kupe kupanda na ng'ombe kuambukizwa kuna nafasi. Ni siku chache tu, lakini zipo. Mfugaji anayemkagua ng'ombe wake kila siku, na kumwogesha kwa dawa ya kupe kila juma, au mara mbili kwa juma mahali penye kupe wengi, anaitumia nafasi hiyo. Anayesema atafanya mwezi ujao, ameipoteza.

Wako wanaodhani kwamba ng'ombe afugwaye ndani hapati kupe. Hilo si kweli. Kupe huingia bandani juu ya majani tunayoyakata, hasa tukiyakata mahali wanapopita ng'ombe wa kuchungwa. Wengine huogesha mgongo na mbavu tu, sehemu zionekanazo na wapita njia, wakaacha ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya kiwele na penye kwato, mahali ambapo kupe hasa hujificha. Wengine huizimua dawa kupita kiasi ili chupa moja itoshe msimu mzima. Dawa ya namna hiyo haiui. Humzoeza kupe tu, mpaka siku moja hata dawa kamili haimwezi. Twajua kwamba dawa ni ghali. Ndiyo maana tunasema majirani watano wenye ng'ombe mmoja mmoja wakichanga, wakanunua pampu moja na dawa moja, wakapanga siku moja ya kuogesha, kila mmoja atatumia fedha kidogo na kupe hatapata pa kukimbilia. Na maji ya dawa yanayobaki yasimwagwe mtoni. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinaingia Ziwa Nyasa, na huko chini wako ndugu zetu wanaokunywa maji hayo na kula samaki wake.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa na watafiti huko Muguga, Kenya. Hutolewa mara moja, na mtaalamu aliyefundishwa, kwa kuwa ndani yake mna vimelea hai vinavyotolewa pamoja na dawa ya kuvizuia visimshinde mnyama. Lakini chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama vile ndigana baridi na lile la kukojoa damu. Kwa hiyo hata aliyechanja hana ruhusa ya kulala. Na ng'ombe akisha kuugua, dawa ya kutibu ipo, nayo huponya wengi ikiwahi katika siku za kwanza za homa. Tumwite afisa mifugo siku ile ng'ombe anapoacha kula. Tukingoja povu puani, tunamwita aje kuzika.

Pengine mtu atasema: Padre, tumefungua redio tusikie Neno la Mungu, mbona tunasikia habari za kupe? Ndugu mpendwa, tuitazame Injili ya leo. Yesu yuko mezani kwa Simoni Farisayo. Simoni ni mtu mwenye heshima, ameandaa karamu. Lakini Yesu anamtajia mambo matatu aliyoyaacha: hakumpa maji ya kunawa miguu, hakumpa busu la salamu, hakumpaka mafuta kichwani. Ni mambo madogo. Mwanamke yule mwenye dhambi ndiye aliyeyafanya, tena kwa machozi yake, nywele zake na manukato yake. Bwana wetu aliupima upendo kwa maji ya miguu. Na mwandishi wa Mithali, katika sura ya 12, anatufundisha kwamba mwenye haki hutambulika hata kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake. Basi mkono unaoingia sikioni mwa ng'ombe kumtafuta kupe, katika baridi ya asubuhi ya Juni, pasipo mtu wa kuusifu, haukosi kuonekana mbele za Mungu.

Lakini, wapendwa, lipo jambo zito zaidi linalotufanya tuseme haya leo, nalo ni lile linalotokea baada ya ng'ombe kufa. Uchungu usiopata faraja hutafuta mtu wa kumlaumu. Jioni ile ile, kabla mzoga haujazikwa, maneno huanza kupita kati ya migomba. Nani alipita hapa juzi? Nani aliyeusifu unene wa ng'ombe? Nani aliyeomba maziwa akanyimwa? Na mara nyingi jibu huangukia pale pale: kwa bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea, au kwa jirani ambaye shamba lake limestawi kuliko letu.

Jambo hili si la jana. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kati ya Wanyakyusa pamoja na mumewe katika miaka ya 1934 hadi 1938, aliandika kwamba kwa imani ya siku zile mchawi alidhaniwa kuwa mtu anayesukumwa na tamaa ya nyama na maziwa. Yaani, pale palipokuwa na baraka, hapo hapo hofu ilijenga kibanda chake. Tumebatizwa, watoto wetu wamesoma, lakini siku ng'ombe anapokufa kibanda kile cha hofu hufunguliwa mlango tena. Na tunajua linalofuata. Majirani waliokuwa wakipashana moto hawasalimiani. Watoto wanakatazwa kucheza pamoja. Wako wazee katika nchi yetu waliofukuzwa makwao, na wengine waliouawa, kwa sababu ya maneno yaliyoanza hivi.

Ndugu zangu, tufikiri. Robert Koch, bingwa mkubwa wa Ujerumani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alichunguza damu ya ng'ombe huko Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898. Aliviona vimelea vya ndigana kali kwa darubini yake, lakini akavidhania kuwa ni vya ugonjwa mwingine. Ilimpasa kuendelea na uchunguzi miaka kadhaa kabla ya kutambua kwamba ni ugonjwa wa peke yake, na wengine wakathibitisha, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba kupe ndiye auletaye. Ikiwa mtu wa elimu kiasi hicho, mwenye darubini mkononi, alihitaji miaka kuitambua sababu ya kifo cha ng'ombe, sisi tunaupata wapi ujasiri wa kuitaja kwa jina la jirani kabla jua halijazama?

Turudi kwa Nathani. Daudi alipoisikia habari ya mwanakondoo alitaka mtu wa kumwadhibu. Macho yake yalitazama nje, yakimtafuta mwovu katika nyumba ya mwingine. Nathani akayageuza yatazame ndani. Wala hatusemi haya ili kumlaumu mama aliyefiwa na ng'ombe. Hasha! Wako wanaokagua, wanaoogesha, wanaoita mtaalamu kwa wakati, na bado ng'ombe anakufa. Huyo asijitese. Amefanya alilowezeshwa kufanya, na Mungu hamdai mtu zaidi ya hapo. Tunachosema ni kwamba swali la jamaa na majirani, badala ya kuwa "nani amemloga?", liwe "tutafanya nini pamoja ili wa jirani naye asife?" Kwa maana palipo na ng'ombe mmoja aliyekufa kwa ndigana, wapo kupe waliofyonza damu yake na kuanguka majanini. Ng'ombe wa boma linalofuata yumo hatarini juma hilo hilo. Tukilitumia juma hilo kwa kutafuta mchawi, tumempa kupe muda wa kupanda.

Na mzoga je? Afukiwe katika shimo refu, mbali na chemchemi. Asichunwe gizani, nyama yake ikauzwa kama ya ng'ombe aliyechinjwa. Hatujui daima mnyama amekufa kwa ugonjwa gani, na kimeta kimewaua watu waliokula kibudu. Msiba wa nyumba moja usigeuzwe kuwa msiba wa kijiji.

Tuseme pia neno kwa ajili ya watoto wetu. Kwa mtoto, mwanakondoo wa maskini mara nyingi ni mbwa, au paka. Mbwa aliyemsindikiza shuleni, aliyemngojea njia panda jioni. Maandiko yanamfahamu mbwa huyo pia: katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika, mbwa wake alifuatana nao, na waliporudi nyumbani alikuwa nyuma yao. Mwandishi angeweza kumwacha asimtaje, wala hadithi isingepungukiwa. Lakini alimtaja.

Mbwa wa namna hiyo akifa, watu wazima humtupa korongoni, na mtoto akilia huambiwa anyamaze, kwa kuwa mbwa ni mbwa. Enyi makatekista, mtoto huyo akija kwenye mafundisho akiwa amenuna, msimcheke. Huenda hiki ndicho kifo cha kwanza anachokutana nacho, na namna tutakavyomsaidia leo ndiyo namna atakavyokabili vifo vikubwa zaidi kesho. Aambiwe ukweli, kwamba mbwa amekufa, na asidanganywe kwamba ametoroka au amekwenda kutembea. Aruhusiwe kuwapo anapozikwa, na kupanda ua juu ya udongo. Amshukuru Mungu kwa rafiki aliyempa. Akiuliza kama mbwa wake yuko mbinguni, tusijibu kwa haraka, si ndiyo wala si hapana, maana Kanisa halijatamka fundisho rasmi juu ya jambo hilo. Tumwambie kwamba Mungu hakisahau kiumbe chake. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba viumbe vyote vinangojea ukombozi kwa utungu, na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, anatupa tumaini kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe, kikiwa kimegeuzwa na kung'arishwa, kitakuwa na nafasi yake.

Lakini upendo wa mtoto kwa mbwa nao hauna budi kufundishwa kazi. Mbwa aoshwe na kutolewa kupe na viroboto. Wakizidi, wanaweza kummaliza damu mbwa mchanga. Apewe dawa ya minyoo, wala asitupiwe matumbo na maini mabichi machinjioni, kwa kuwa humo hupata tegu wanaoweza kuwadhuru hata watu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye. Na zaidi ya yote, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hauletwi na kupe wala kiroboto; huletwa na kirusi kilicho katika mate, na dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ingawa jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Na mbwa anayeshukiwa kufa kwa kichaa asishikwe na mtoto. Watu wazima ndio wamzike, wakiwa wamejikinga mikono, hata kama mtoto analia.

Ili tusije tukapotea upande wa pili, tukumbuke fundisho la Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2416 hadi 2418. Wanyama ni viumbe vya Mungu, naye anawatunza. Wanadamu wanawajibika kuwatendea kwa wema, wala si halali kuwatesa au kuwaua bila sababu. Lakini si haki pia kuwatumia mali ambayo kwanza ingepasa kuondoa taabu ya wanadamu, wala kuwapa ule upendo unaowastahili wanadamu peke yao. Yule anayempa ng'ombe pumba kila jioni huku mkwe wake amelala njaa, huyo hajamwelewa Nathani. Mwanakondoo yule alikula pamoja na watoto wa nyumba. Hakula badala yao.

Kwa hiyo, wapendwa, kwa juma hili tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zetu mambo mawili. La kwanza: mnapokutana kusali, kila mwenye ng'ombe, mbuzi au mbwa aseme ni siku gani alimwogesha mara ya mwisho, nanyi mpange siku moja ya kuogesha pamoja. Mwanajumuiya mzee au mgonjwa asiyeweza kushika pampu, vijana wamfanyie. La pili: kama ipo nyumba kati yenu iliyofiwa na mnyama wake tangu Pasaka, nendeni. Msiende mikono mitupu. Pelekeni chupa ya maziwa kwa ajili ya wajukuu, kaeni kidogo, mwacheni mwenyewe asimulie jinsi ng'ombe wake alivyokuwa. Na kama katika nyumba ile limetajwa jina la jirani kwa kumdhania vibaya, mjumbe mmoja mwenye busara amfuate yule jirani, amlete, wakae mkeka mmoja. Nyumba itakayokuwa na ndama jike wa kumkopesha mjane huyo itakuwa imehubiri kuliko sisi tunaozungumza redioni.

Zaburi ya leo inamwita heri mtu aliyesamehewa kosa lake. Daudi alikiri, akasamehewa. Mwanamke yule wa Injili alilia, akaenda kwa amani. Hakuna aliyeondoka mbele za Mungu akiwa amebaki na machozi yake bure. Nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama wa kufugwa kwa namna zao akaona kuwa ni vyema, awabariki ng'ombe wetu mabandani, awape wenye nyumba mikono isiyochoka, awafariji waliobaki na kamba isiyo na mnyama, na aondoe katika vijiji vyetu ile hofu inayomfanya jirani kuwa adui.

Tunawatakieni Dominika njema, nyote mnaotusikiliza milimani na mabondeni. Tumsifu Yesu Kristo!